Utani na Uhasama: Kubaini Makundi ya Ushirikiano Manzese

Mtandao wa kijamii ni jumla ya watu na mahusiano yanayowaunganisha, mengine ya urafiki na mengine ya uhasama. Swali linalowashughulisha wataalamu ni hili: je, kutokana na mahusiano hayo yaweza kubainishwa nani hushirikiana na nani?

Mwaka 1946 Fritz Heider alieleza kuwa mahusiano ya watu watatu hutulia endapo rafiki wa rafiki ni rafiki, na adui wa adui ni rafiki. Mwaka 1956 Dorwin Cartwright na Frank Harary walithibitisha kihisabati kwamba mtandao unaotii kanuni hiyo kikamilifu ama hauna uhasama kabisa, ama hugawanyika katika kambi mbili: urafiki ndani ya kila kambi, uhasama baina yake. Mitandao halisi hutii kanuni hiyo kwa nadra. Kwa hiyo hutafutwa mgawanyo wenye kasoro chache iwezekanavyo, yaani uhasama mchache ndani ya kundi na urafiki mchache unaovuka mipaka yake.

Mbinu hii hutegemea sharti moja: kila uhusiano upewe alama sahihi, chanya au hasi. Hapo ndipo taaluma ya lugha inapohitajika. Huko Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, wenyeji wa Pwani huishi pamoja na wahamiaji kutoka bara. Mzaramo na Mnyamwezi, kwa mfano, ni watani. Mtani aweza kumwita mwenzake mtumwa wake, au kumkejeli hata msibani, na anayekejeliwa hapaswi kukasirika. Mtani huyohuyo ana wajibu wa kusaidia mazishi. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown alikwishabainisha kuwa uhusiano wa namna hii huchanganya urafiki na uhasama.

Anayesoma maneno peke yake, awe mtafiti au programu ya kompyuta, ataandika alama hasi. Na watu wanaozikana wataonekana kuwa kambi mbili za maadui. Neno lenyewe nalo lina mitego yake: magazeti huziita Simba na Yanga watani wa jadi, ilhali uwanjani ni mahasimu.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka alama, sharti izingatiwe nani amemwambia nani, wapi na mbele ya nani. Kisha maneno yapimwe kwa matendo: nani hukopeshana, nani huchangiana, na msiba unapotokea, nani hushika sepetu.