Kulabu na Zamu: Istilahi za Wakati katika Programu-jalizi

Wafasiri wa programu za tovuti hukutana mara kwa mara na tatizo moja. Tafsiri imekamilika na faili limewekwa mahali pake, lakini ukurasa ukifunguliwa baadhi ya maneno yangali katika Kiingereza. Aghalabu lawama humwangukia mfasiri, naye huipitia kazi yake neno kwa neno asione kosa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kosa la namna hiyo huweza kuwa la wakati wala si la lugha, na kwamba istilahi iliyochaguliwa vema humsaidia mtu kulitambua.

Tuchukue mfano wa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Programu hii huongezewa uwezo kwa programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazopachikwa pasipo kuibadili programu kuu. Kwa kawaida, kila ukurasa unapoombwa programu kuu huanza kazi upya kwa utaratibu maalumu: husoma programu-jalizi, kisha mandhari ya tovuti, humtambua mtumiaji, hutafuta habari zilizoombwa, na mwisho huandika ukurasa.

Katika mfululizo huo watunzi wameacha nafasi zenye majina. Nafasi ikifikiwa, msimbo wowote ulioangikwa hapo hutekelezwa. Nafasi hizo tunapendekeza ziitwe kulabu. Neno ndoano lingeweza kufikiriwa, lakini ndoano ni ya kuvulia, ilhali kulabu ni ya kuangikia. Kulabu ziko za aina mbili. Kulabu ya tendo huuita msimbo ufanye kazi fulani. Kulabu ya chujio huukabidhi msimbo thamani, kama vile kichwa cha habari, ili uibadili na kuirudisha. Msimbo usioirudisha thamani hiyo huacha mahali patupu, na kichwa hutoweka ukurasani.

Hata hivyo, msomaji asiifikirie kulabu ya ukutani, ambayo ipo asubuhi na jioni. Kulabu ya programu hufikiwa na kupitwa. Msimbo ulioangikwa baada ya kulabu kupita hukaa kimya: hautekelezwi, wala hakuna onyo linalotolewa. Msimbo unaotenda kazi mapema mno nao hudai vitu ambavyo bado havijaandaliwa. Wahenga walituonya kwamba haraka haraka haina baraka, na tena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Msimbo huweza kukosea kwa njia zote mbili.

Sasa tulirejee tatizo la mfasiri. Programu-jalizi ikiomba tafsiri ya neno pale tu inaposomwa, mtumiaji bado hajatambuliwa na lugha aliyoichagua haijajulikana. Neno huweza kubaki katika Kiingereza, au kutolewa katika lugha nyingine ya tovuti. Kazi hiyo yapasa isubiri kulabu iitwayo init, ambayo hufikiwa baada ya mtumiaji kutambuliwa. Tangu toleo la 6.7, lililotoka Novemba 2024, WordPress hutoa taarifa kwa mtunzi anayepakia tafsiri mapema kupita kiasi.

Istilahi inayohitaji uangalifu zaidi ni ile ya nambari inayopanga misimbo iliyoangikwa kwenye kulabu moja. Mtunzi asipotaja nambari, huwa 10. Msimbo wa 5 hutangulia, na wa 20 hufuata. Mfasiri hushawishika kuiita kipaumbele. Lakini katika utumishi tumezoea kwamba jambo la kipaumbele ndilo lenye nguvu kuliko mengine. Katika chujio mambo ni kinyume: msimbo wa 20 hupokea kilichokwisha kubadilishwa na ule wa 5, na huweza kukifuta chote. Wa mwisho ndiye mwenye kauli. Mwanafunzi aliyefundishwa kipaumbele atapunguza nambari ili msimbo wake ushinde, kumbe angeiongeza. Kwa hiyo twapendelea nambari ya zamu, kwani zamu hutaja mpangilio tu, haitaji cheo.

Anayesaka kasoro na afuate hatua hizi, katika nakala ya majaribio wala si katika tovuti inayotumika:

(a) Awashe hali ya kuonyesha makosa, asome taarifa zinazotolewa.
(b) Azime programu-jalizi nyingine moja moja, ili ajue kama kuna zinazogongana.
(c) Aulize kama kulabu imekwisha kupita. Amri iitwayo did_action hutaja imefikiwa mara ngapi.
(d) Alinganishe nambari za zamu. Msimbo hauwezi kuangukwa kwenye kulabu kwa nambari isiyokuwa ile ulioangikiwa.
(e) Ahakikishe kuwa kila chujio limerudisha thamani.

Faili la tafsiri lifunguliwe upya baada ya hatua hizo.

Istilahi tunazopendekeza ni hizi:

Kulabu: nafasi yenye jina katika mfululizo wa utekelezaji, ambapo msimbo wa ziada huangikwa.
Tendo: kulabu inayouita msimbo ufanye kazi.
Chujio: kulabu inayoukabidhi msimbo thamani ya kubadilishwa na kurudishwa.
Nambari ya zamu: nambari inayoonyesha msimbo upi utangulie na upi ufuate kwenye kulabu moja.

Walimu na wafasiri wanaombwa kuzijaribu katika kazi zao na kutuletea maoni.