Sindano ya mgongo: kwa nini presha hushuka, na huzuiwa vipi

Akina mama wengi wakiambiwa watapasuliwa, huogopa sindano ya mgongo. Kinachomshughulisha zaidi mtu wa ganzi ni presha, inayoweza kushuka dakika chache baada ya sindano hiyo.

Ganzi ile haizimi maumivu pekee. Huzima pia neva zinazobana mishipa ya damu, basi mishipa hutanuka, damu hubaki miguuni na presha huanguka. Mama huhisi kichefuchefu au kizunguzungu. Mtoto naye hupata oksijeni kupitia kondo la nyuma, ambalo hutegemea presha ya mama.

Ndiyo maana hulazwi chali kabisa. Mimba kubwa hukandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni, hivyo huwekewa kitu chini ya nyonga ya kulia, au kitanda huinamishwa kushoto. Dripu hufunguliwa kwa kasi, ila maji peke yake hayatoshi. Kazi kubwa ni ya dawa ya kubana mishipa. Mapendekezo ya wataalamu wa kimataifa ya 2018 yanataka fenilefrini ianze mara tu baada ya sindano, bila kusubiri presha ishuke, na namba ya juu ya presha isiwe chini ya asilimia 90 ya ile ya kawaida ya mama. Pengine hutumika efedrini.

Ukihisi kichefuchefu pale mezani, sema papo hapo, usione haya. Huenda presha imeanza kushuka na mashine haijapima tena. Na kabla ya kuingia, waeleze kama una ugonjwa wa moyo au ulipandwa na presha mimba hii, maana dawa na maji yako hupangwa vingine.