Mnene Hamezeki

Msomaji anayefuga sato kwenye vizimba huko Mwanza amesikia kwamba India kuna wavuvi wanaofuga vifaranga vya samaki ndani ya uzio wa wavu, kisha wanawaachia waende zao kwenye maji ya wazi. Anauliza: kwa nini wahangaike hivyo? Si wangewamwaga majini siku ile ile walipotoka kwenye kituo cha kutotolea?

Jibu liko kwenye koo la samaki mwingine.

Samaki wenyewe ni karpi wa India: katla, rohu na mrigali. Mahali ni Assam, ambako mto Brahmaputra umeacha pembeni mabwawa mengi ya asili, wenyeji wanayaita beel. Zamani mafuriko yalileta vifaranga bure kila mwaka. Tangu miaka ya 1950 zimejengwa kingo ndefu za udongo kuzuia mafuriko hayo, na mabwawa mengi yakatengwa na mto. Karpi hawa hawazai kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo vifaranga sharti waletwe. Kuwapata si kazi tena: mwaka 1957 Hiralal Chaudhuri alifanikiwa kuwazalisha kwa sindano ya dondoo la tezi ya pituitari, na leo vituo vinawatoa kwa mamilioni. Kazi ni kuwafanya waishi.

Kifaranga wa bei nafuu ana urefu wa sentimita 2 au 3. Bwawani wanamsubiri samaki kichwa-nyoka, na boal, jamaa wa kambale mwenye mdomo uliochanika hadi nyuma ya macho. Hawa hawakai kutafuna. Wanameza mzima mzima.

Hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo. Chukua mtu anayehamisha kabati kwenda chumba cha kupanga. Urefu wa kabati haumsumbui: atalilaza, atatanguliza ncha moja, na hata likiwa la mita mbili litaingia. Kinachokwamisha ni upana wake mbele ya fremu ya mlango. Ikizidi sentimita moja tu, wanaume wanne watasukuma hadi jioni na kabati litalala koridoni. Mwenye kabati anaweza kumwita fundi alifungue vipande vipande, lakini boal hana fundi. Anamtanguliza kifaranga kichwa, kiwiliwili kinafuata, mkia mwisho. Linaloamua ni kimo cha mwili, yaani kutoka tumboni hadi mgongoni. Kimo kikizidi mlango, atamtema, hata awe na njaa ya siku tatu. Mpaka huo nauita kipimo cha koo. Kusema ukubwa wa mdomo hakutoshi, maana mdomo unaweza kupanuka kuliko njia iliyo nyuma yake.

Ajabu ni kwamba wako karpi ambao miili yao huukimbilia mpaka huo. Mwaka 1992 Christer Brönmark na Jeffrey Miner walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio ya Sweden kwa karpi wa Ulaya, Carassius carassius. Walipowekwa pamoja na paiki, samaki mla samaki, walinenepa kwa kwenda juu: kimo kikaongezeka kuliko cha wenzao walioishi bila adui. Ishara yenyewe husafiri ndani ya maji kama kemikali. Samaki ananusa hatari, na mwili wake unabadili ramani ya ujenzi!

Uzio wa wavu unampa kifaranga muda wa kuvuka kipimo cha koo. Tofauti na kizimba, hauna sakafu. Mianzi inasimikwa kwenye maji ya kina kifupi, wavu unazungushwa, na ukingo wake wa chini unazikwa kwenye tope. Mrigali anachokonoa tope la bwawa lenyewe, katla anachuja vijidudu karibu na uso wa maji, na juu yake wanaongezewa pumba za mpunga na mashudu ya haradali. Kabla ya kuweka vifaranga, magugu maji yanang'olewa na nyavu zinakokotwa ndani tena na tena, kwani kichwa-nyoka mmoja akisalia mle, amefungiwa na chakula chake. Matundu nayo husuguliwa kwa brashi. Mwani ukiyaziba, maji hayapiti.

Baada ya miezi mitatu hivi wanafika sentimita 10. Kwa nini wasinunuliwe wakiwa wakubwa hivyo? Hesabu inakataa. Urefu ukizidi mara 4, uzito huzidi kama mara 64, hivyo mfuko wa oksijeni uliobeba vifaranga 640 utabeba 10 tu, tena waliochubuka magamba barabarani. Walio ndani ya uzio hawaguswi: wavu unashushwa, wanatoka wenyewe.

Gharama ya wavu ipo, lakini taasisi ya CIFRI ya Barrackpore imekuwa ikisambaza nyavu za plastiki ngumu zinazodumu misimu kadhaa. Linalohitaji makubaliano ya wavuvi ni miezi inayofuata. Koo la boal huchukua walio chini ya kipimo. Wavu wa mvuvi huchukua walio juu yake. Karpi aliyetoka salama kwa boal anaanza kunasa kwenye nyavu za matundu madogo, kwa hiyo nyavu hizo zinapaswa kukaa nchi kavu mpaka afikishe uzito wa kuuzika.