Watoto wa Ziwani na Mkondo wa Amali



Tangu mwaka 2024 wanachama kadha wenye watoto au jamaa Bara wametuuliza juu ya huu "mkondo wa amali" ulioanzishwa huko katika skuli za sekondari. Baadhi yao wauliza kwa hamu, na wengine kwa hofu, wakidhani kuwa amali ni mahali pa kumtupia mtoto aliyeshindwa na kitabu. Tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo. Mfano wetu tumeutoa mbali, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kwa kuwa mji ule waishi kwa ziwa kama sisi tuishivyo kwa mkarafuu: msimu ukiwa mzuri kila mtu ana nguo mpya, na ukiharibika hata muuza kahawa hulalamika.

Kwanza neno lenyewe. Amali limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kazi au kitendo. Aliyepita chuoni halimpi taabu. Hapa Unguja na Pemba tumelitumia siku nyingi, kwani tuna Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na vituo vyake vipo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Wenzetu wa Bara walikuwa wakisema "ufundi stadi", na ndilo jina lililomo katika VETA yao iliyoundwa mwaka 1994. Sasa katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, wamelichukua neno letu, nasi hatuwadai kitu.

Kwa sera hiyo elimu ya lazima ni miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto akifika sekondari hukuta njia mbili: mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Wa amali hasomi kazi peke yake. Husoma masomo ya darasani, na pamoja nayo hushika fani, kama vile umeme, ujenzi, ushonaji au kilimo. Tukumbuke kwamba elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, kwa hiyo sera hiyo haiwaamuru walimu wa kwetu. Lakini hakuna sheria inayotukataza kuangalia.

Mtu asiyeijua Mwanza atasema kuwa kazi ya ziwani ni uvuvi basi. Mtoto wa huko naye husema hivyo hivyo, kwani mtoto hujua kazi anayoiona tu. Tazameni habari ya sangara. Samaki huyu alitiwa katika ziwa lile katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya kukata minofu vikasimama Mwanza, na minofu ikawa yapelekwa Ulaya. Mwaka 1999 Ulaya ikawakataa samaki wa ziwa lile, wa Tanzania, Kenya na Uganda, kwa kuhofia kuwa wengine huvuliwa kwa sumu. Hapo wavuvi hodari hawakuwa na la kufanya. Waliotakiwa ni watu wa kupima na kukagua, wenye kujua maabara, barafu na usafi wa kiwanda, na wa kuandika cheti ambacho mnunuzi wa mbali atakiamini. Leo ipo maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi, na hapo hapo Nyegezi kipo chuo cha uvuvi, ambacho tangu 2011 kimo chini ya wakala mmoja na kile cha Mbegani, Bagamoyo. Kazi zote hizo ni za ziwani, na nani katika watoto wa wavuvi wa mwaka 1985 angalizitaja kama ungalimwuliza atakuwa nani akikua?

Ndiyo sababu twaona kuwa uzuri wa amali, kama itafanywa vyema, si kumfanya mtoto kuwa fundi akiwa bado mdogo. Uzuri wake ni kumpa nafasi ya kuijaribu kazi kabla ya kufungwa nayo.

Tuseme mwalimu wa skuli iliyo karibu na mwalo awape wanafunzi kumi ndoo mbili za dagaa wabichi, uzito mmoja. Dagaa wa ziwa lile huvuliwa usiku wa kiza, mwezi usipokuwapo, kwa taa. Zamani karabai, na sasa wengi hutumia taa za umeme wa jua. Wakiletwa asubuhi, wengi huanikwa juu ya mchanga au majabali. Mvua ikiwapata huoza, na hata wakikauka huwa na mchanga, bei yao ikaanguka, na wengi wakaishia katika chakula cha kuku. Wanaoanikwa juu ya chanja za wavu zilizoinuliwa hukauka upesi na kutoka safi. Basi ndoo moja imwagwe mchangani na ya pili chanjani. Watoto waandike saa, wapime uzito kila jioni, waandike gharama ya mbao, wavu na misumari, kisha wachukue mafungu yote mawili mpaka soko la Mwaloni, Kirumba, wamwulize mnunuzi, si mwalimu, alitakalo ni lipi na atatoa kiasi gani.

Katika juma moja mambo mengi yatajulikana. Mmoja ataona mikono yake yapenda mbao, maana yeye ndiye aliyeunda chanja. Wa pili atashika hesabu asitake kuiacha. Wa tatu atauliza kwa nini fungu moja limeota ukungu, na huyo ni mtu wa maabara. Wa nne atagundua kuwa hata harufu ya dagaa haivumilii, na kulijua hilo katika umri wa miaka 14 ni faida kubwa kuliko kulijua katika miaka 30, mtu ana mke na watoto. Huenda na msichana mmoja akawashangaza wenziwe, kwani katika dagaa wanaoanika na kuuza wengi ni wanawake. Mama yake ana hesabu zote kichwani, ila hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hiyo ni fani.

Fikira hii si mpya. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, naye ni mzaliwa wa Butiama, upande wa mashariki ya ziwa lile, alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka skuli iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na kuamua mapato yatumiwe vipi. Katika skuli nyingi kilichobaki ni jembe. Mtoto aliyechelewa alipelekwa kulima; mahindi yakavunwa, hesabu yake asiione. Akajifunza kuwa shamba ni adhabu. Amali yaweza kufa kifo hicho hicho, na kwa hiyo mwanachama mwenye mtoto Mwanza au pengine popote Bara twamshauri hivi: asimwulize mtoto amefanya nini, amwombe amwonyeshe daftari. Kama mna vipimo, gharama, bei na makosa yaliyosahihishwa, mtoto anasoma. Kama daftari halipo, basi anatumikishwa.

Na wale wanaoona kazi za mikono ni za walioshindwa, waulize watu wa Mwanza. Bwiru ipo skuli ya ufundi ya wavulana tangu zamani. Meli ya MV Mwanza, ya abiria 1,200, iliundwa pale pale na kushushwa majini Februari 2023. Daraja la Kigongo na Busisi, la kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025. Kazi kama hizo hazifanywi na mtu asiyejua hesabu, wala na ajuaye hesabu tu asiyepata kushika chuma.

Sisi je? Watoto wetu wakisikia karafuu hufikiri kupanda mti na kuanguka, na wazee wao huapa kuwa mtoto hatapita njia hiyo. Lakini karafuu ina kitalu cha miche, ina mizani, ina makonyo yanayokamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Ina na kuanika, ambako kuna elimu yake: mzigo uliotandazwa vyema juu ya majamvi na mzigo uliorundikwa mbichi ukavunda si mali moja, na mtoto aweza kuupima mmoja mmoja na kuandika, kama wale wa dagaa.

Halmashauri yataka kulijaribu jambo hili msimu ujao, kwa siku za mapumziko ya skuli, na kwa idhini ya walimu na wazee. Hakuna mtoto atakayepandishwa mtini. Mwanachama mwenye sakafu ya kuanikia na mizani, aliye radhi kupokea wanafunzi wawili watatu na kuwaonyesha hesabu zake bila ya kuficha, na apeleke jina lake kwa katibu wa tawi, ataje na shehia yake.