Chesisi ya kwanza ilipinda, lakini tukaanza kuongea

Mwanangu alipokuja kuishi nami hapa Uingereza alikuwa na miaka 13. Kwa miaka minne tulikuwa tumejuana kwa simu tu. “Shikamoo baba.” “Marahaba, shule vipi?” “Nzuri.” Halafu kimya. Nilidhani tukikaa nyumba moja maneno yatakuja yenyewe. Hayakuja. Mimi nilikuwa na zamu za usiku, yeye na simu yake chumbani.

Siku moja kwenye gulio la vitu vilivyotumika nikanunua boksi la magari ya umeme ya kuchezea. Moja lilikuwa limevunjika sehemu yote ya chini. Nikamwambia, “Hili tunaweza kulitengenezea chesisi yetu.” Kwa mara ya kwanza akaja mezani bila kuitwa.

Magari haya yakoje?

Hukimbia kwenye barabara ya plastiki yenye mfereji mwembamba, na pembeni ya mfereji kuna vyuma viwili vinavyopitisha umeme. Chini ya pua ya gari kuna kijiulimi kinachoingia kwenye mfereji. Visuka viwili vya waya wa shaba hugusa vile vyuma na kupeleka umeme kwenye mota. Mchezaji hana usukani. Ana kitufe cha mwendo tu, na kazi yake ni kujua wapi apunguze.

Hapa Uingereza wengi huyajua kwa jina la Scalextric, yaliyoanzishwa na Fred Francis mwaka 1957. Kipimo chake cha kawaida ni 1/32, yaani gari la mita nne linakuwa na sentimita 12.5. Kuna wapenzi wasioridhika na chesisi ya dukani, wakajitengenezea kwa shaba na waya mgumu. Mimi niliyekua nikiunda magari ya waya yenye matairi ya kandambili niliwaelewa mara moja.

Uanze vipi

Usinunue kila kitu. Mota, gia, ekseli, matairi na kile kijiulimi tulivitoa kwenye gari bovu. Tulichonunua ni kipande cha bati la shaba ya manjano lenye unene wa karibu milimita moja, bomba jembamba la shaba la kupitisha ekseli ya mbele, waya mgumu wa chuma, na chuma cha kulehemu pamoja na risasi yake. Tupa, msumeno wa chuma na plaizi tulikuwa navyo.

Anza na karatasi. Pima bodi ya gari kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, kisha chora chesisi kwa ukubwa wake halisi. Kata shaba kwa kufuata mchoro, usugue kwa msasa mpaka ing’ae, kwa sababu risasi haishiki palipo na uchafu au mafuta. Bana vipande kwa misumari juu ya ubao ulionyooka, kisha lehemu. Pasha moto shaba yenyewe, ndipo risasi iyeyuke juu yake.

Mambo mawili usiyakosee. Ekseli ya nyuma iwe mraba kabisa na mstari wa katikati wa gari, na uzito ukae chini iwezekanavyo.

Kuhusu usalama, fungua madirisha, vaeni miwani, tumieni risasi isiyo na madini ya ledi na nawe mikono baada ya kazi. Kifaa cha umeme wa barabara kinunuliwe kikiwa kamili, usijaribu kukiunda.

Kosa langu

Chesisi ya kwanza niliitengeneza mimi. Yeye alishika tochi. Kila aliponyoosha mkono nilimwambia, “Ngoja, utaungua.” Tulipoiweka juu ya kioo, tairi moja lilining’inia. Kwenye kona ya kwanza gari likaruka nje.

“Baba, ekseli imekaa upande,” akasema. Alikuwa ameona tangu mwanzo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu polepole, “Hukuniuliza.”

Neno hilo lilinikaa kifuani wiki nzima. Halikuwa la gari tu.

Jumapili iliyofuata nikampa chuma cha kulehemu, mimi nikashika tochi. Hatukutupa kitu, uzuri wa kulehemu ni kwamba kiungo kilichokosewa huyeyushwa, kikanyooshwa, kikashikishwa tena. Alipima kwa skwea mara tatu. Alijichoma kidole kidogo, akakitia kwenye maji baridi, akaendelea. Wakati risasi inapoa akaanza kunisimulia habari za shule, na za bibi yake aliyemlea, mambo ambayo simu haikuwahi kuyaleta.

Gari lake linapita kona zote. Langu lile la kwanza tumeliacha dirishani.

Mzazi mwenzangu, si lazima iwe magari haya. Yaweza kuwa gari la waya na makopo, au redio mbovu ya babu. Tafuta kazi ya mikono ambayo mtoto anaruhusiwa kuikosea, kaa karibu naye, halafu umwachie. Ukimwona ananyoosha mkono, usimwambie ngoja. Mpe.