Kabla Klinka Haijaiva

Klinka, yale mawe ya kijivu yanayosagwa pamoja na jasi kupata saruji, huiva kwenye nyuzi joto 1,450 hivi za Selsiasi. Joto likipungua, sehemu ya chokaa hubaki huru bila kuungana na silika. Chokaa hiyo hunywa maji polepole mno, ikaja kuvimba wakati ukuta umekwisha kukauka, na ukuta ukapasuka. Ndiyo maana sikubali kudhibiti joto la tanuri kuhesabiwe kuwa jambo la gharama ya mafuta tu. Kuna watu watakaolala ndani ya kuta hizo.

Tanuri la saruji, kama yale ya Wazo Hill na Tanga, ni bomba refu la chuma lililoinama kidogo, linalozunguka usiku na mchana. Mwali wake hufika karibu nyuzi 2,000. Vipo vipimajoto vinavyosoma mwanga kwa mbali, lakini vumbi likitanda husoma vumbi. Basi fundi wa chumba cha udhibiti hufuata dalili. Hutazama umeme unaoliwa na mota ya kuzungushia tanuri: klinka inayoiva hunata, hupanda juu zaidi ukutani kabla ya kuporomoka, na mota hulemewa. Hutazama oksidi za nitrojeni katika moshi, maana huongezeka mwali ukiwa mkali. Kisha hungoja maabara ipime chokaa huru.

Hapo kwenye kungoja ndipo penye hatari. Jibu la maabara ni la klinka iliyokwisha kutoka. Fundi mwenye pupa huongeza mafuta, haoni badiliko, huongeza tena. Joto la mara zote mbili likishakutana, utando unaokinga matofali ya tanuri hubanduka, matofali huliwa, na ganda la chuma hupata wekundu. Tanuri huzimwa, na kubadili matofali si kazi ya siku moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi wa kampuni ya F.L. Smidth ya Denmark walikabidhi kazi ya kudhibiti joto la tanuri kwa kompyuta. Hawakuanza na milinganyo ya fizikia. Walichukua kanuni za waendesha tanuri wenyewe, za aina ya "oksijeni ikipungua kidogo, punguza makaa kidogo", wakaifundisha kompyuta uzito wa neno "kidogo".