Oili ya injini ya dizeli: Kilomita za kitabuni si kipimo pekee

Wenye magari ya dizeli katika nchi za Afrika Mashariki hupata majibu yanayopingana wanapouliza oili ya injini ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Magari mengi ya zamani huwekewa kilomita 5,000, ilhali baadhi ya magari mapya ya Ulaya huruhusiwa kufikia 20,000 na zaidi. Kila kiwango kimewekwa kwa kuzingatia injini, aina ya oili, ubora wa dizeli na hali ya barabara.

Dizeli inapoungua huacha masizi, na sehemu yake huingia katika oili. Ndiyo maana oili mpya hugeuka nyeusi baada ya safari chache. Weusi huo peke yake si dalili ya kuchakaa, kwa kuwa oili imetengenezwa ibebe masizi yasigande kwenye vyuma. Salfa iliyomo katika dizeli nayo huzalisha asidi, na viambato vya oili vinavyoizima asidi hiyo hupungua siku hadi siku.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mnamo Januari 2015. Hatua hiyo ilipunguza asidi, lakini vumbi, mizigo mizito na foleni vimebaki. Lori linalosubiri Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huku injini ikiunguruma, huchakaza oili bila kuongeza kilomita hata moja. Watengenezaji wengi huyaita mazingira ya namna hiyo matumizi magumu, na hushauri muda wa kubadilisha oili ufupishwe, mara nyingi hadi nusu.

Anayechelewa huokoa bei ya oili na kuhatarisha injini nzima. Oili iliyojaa masizi huwa nzito na kupita kwa shida katika njia nyembamba. Turbo, ambayo mhimili wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huwa miongoni mwa vifaa vya kwanza kuumia. Kwa dereva anayeishi kwa gari lake, injini ikifa riziki nayo husimama.

Kwa gari lisilotembea sana, kanuni ya kawaida ni kubadilisha oili angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na chujio lake. Magari yenye chujio la masizi kwenye ekzosi huhitaji oili maalumu yenye majivu machache, la sivyo chujio hilo huziba mapema. Aidha, kipimo cha oili kikionyesha kuwa imeongezeka bila kuongezwa, huenda dizeli inachanganyika nayo. Hapo gari lipelekwe kwa fundi mara moja, hata kama kilomita hazijatimia.